Nimechoka Kuua Watu wa Kuze

Nyinyi vijana wa Tudor mnaoandika hadithi kwenye simu mliniomba nije nizungumze nanyi Jumamosi, tena mkaniahidi tuk-tuk ya kunichukua mlangoni. Ahsanteni. Lakini magoti yamekataa. Kushuka ngazi za nyumba hii kwanila nusu ya umri ulionibakia, na kuzipanda kwala nusu ya pili. Basi nawaandikia. Someaneni wenyewe, na atakayelala mwacheni alale. Mimi mwenyewe huenda nikasinzia kabla ya kufika mwisho.

Mwataka kujua mtu huwaje mwandishi wa hadithi za upelelezi. Huwa kwa kuchoka. Mchana nilikuwa kuli wa ghala la majani ya chai huko Shimanzi, nikibeba magunia mazito kuliko madhambi ya Firauni. Jioni nakwenda shule ya usiku Ganjoni, nikae kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yamenifika kidevuni. Nadhani haya magoti yalianza kuharibika hapo.

Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Kilonzo, Mkamba, karani wa reli mchana na mwalimu jioni. Kiswahili chake cha bara kilituchekesha, naye akitucheka kwa kuwa twakijua Kiswahili chote wala hatukuweza kuandika barua ya kuomba ruhusa. Darasa lote lilikuwa na kitabu kimoja cha hadithi, cha upelelezi, alichokinunua kwenye vitabu vya mitumba. Akafanya nini? Akachukua wembe akakikata vipande, sura mbili mbili, kila mwanafunzi akapewa kipande chake akasome nyumbani. Wiki ijayo mwabadilishana.

Mimi nikapata kipande cha mwisho. Nikamjua muuaji kabla sijamjua aliyeuawa. Wiki ya pili nikapata katikati, ya tatu mkia ule ule tena. Na kila kitabu kingine alichokinunua na kukikata baadaye, sijui ni kijicho cha wenzangu au ni majaaliwa, mimi nikiangukiwa na mkia. Nikamwendea nikalalamika.

"Mwalimu, mimi najua mwisho wa hadithi zote, sijui mwanzo wa hata moja."

"Sasa wewe una bahati," akanambia. "Wenzako wanadanganywa na mwandishi. Wewe unamwona akidanganya."

Hiyo ndiyo shahada yangu. Mpaka leo kitabu nakianza nyuma. Nikishamjua aliyeua, narudi mwanzo niketi kwa raha nimtazame mwandishi anavyomfunika yule mtu kwa ukaya mbele ya macho yangu. Mkitaka kujifunza kazi hii, fanyeni hivyo. Mtapoteza utamu wa vitabu vingi, lakini mpishi naye hali pilau yake kwa hamu.

Mliniuliza pia napenda kusoma nini. Bunduki sipendi. Bunduki ni uvivu: mtu amekasirika, pa, kurasa mbili zimekwisha. Napenda kitabu ambacho watu wanakula sana, kwa sababu mezani ndipo watu hutazamana. Nasoma ukurasa wa mahakama kwenye gazeti, na matangazo ya vifo, na maelezo ya nyuma ya chupa za dawa za wadudu. Mke wangu, Bi Rukia, aliniona siku moja nimeishika pakiti ya sumu ya panya karibu na dirisha, miwani puani, midomo yacheza.

"Baba Zuhura," akasema, "hiyo ya panya waisoma mpaka jina la kiwanda. Karatasi ya dawa yako ya presha hujaikunjua tangu ilipotoka dukani."

Huyo ndiye msomaji wangu wa kwanza. Mtapata taabu kubwa kuandika bila ya mtu kama huyo, na mkimpata mtapata taabu nyingine.

Watu hudhani hadithi za mauaji huandikwa usiku wa manane, mshumaa unalia, popo wanapita. Usiku mimi ni gunia, hata mkinipakia kwenye meli siamki. Nimeandika vitabu vyangu vyote baada ya swala ya alfajiri, ukumbini, kwa penseli, birika la chai ya rangi ubavuni, mpaka anapopita mama wa mahamri. Akipita yeye kazi imekwisha, hata kama mtu yuko katikati ya kunyongwa. Atangoja mpaka kesho. Hamjui utulivu anaoupata mwandishi akijua kuna mtu amening'inia anamsubiri. Anakunywa chai yake taratibu.

Na nimekosea, wanangu. Nimekosea makosa ya kupakia lori. Katika kitabu cha pili muuaji alitoroka kwa gari kupitia vichochoro vya Kuze, hapa Mji wa Kale. Nilikiandika huku nimekaa Kuze! Dirishani kwangu mkokoteni wa maji haupiti mpaka watu wajibanze ukutani. Kitabu kilipotoka, sikuweza kupita barazani kwa mwezi mzima.

"Yakhe, lile gari lilipita wapi? Lilikunjwa?"

"Alilibeba kichwani, huyo ni muuaji mwenye nguvu!"

Lakini kosa lililonifunza kazi ni la kitabu cha kwanza. Nilikuwa nimeshiba vile vitabu vya wembe vya Mwalimu Kilonzo, ambavyo maiti hulala chumbani siku tatu, mpelelezi avute kiko, awakusanye watu sebuleni, amtazame mmoja mmoja. Nami nikamlaza maiti wangu, tajiri mmoja, siku tatu katika nyumba ya ghorofa, Kuze. Nikampa Bi Rukia asome. Alisoma akaweka karatasi chini.

"Huyu maiti hana jamaa?"

"Anao. Wako hapo, ndio washukiwa."

"Hana majirani?"

"Wapo."

"Hapana msikiti karibu?"

Nikazikusanya karatasi.

"Amekufa Jumatatu asubuhi, mpaka Alhamisi hajazikwa, watu wamekaa wamsikiliza mtu avuta kiko? Baba Zuhura, hapa mtu akifa baada ya alfajiri, alasiri ameshafukiwa na watu wamenawa mikono. Huyo mpelelezi wako na afanye haraka."

Wallahi, siku ile ndipo nilipozaliwa. Nilikichana kitabu kizima nikaanza upya, na tangu hapo mpelelezi wangu hajapata zaidi ya mchana mmoja. Mtu amefariki, maji yanawekwa motoni, sanda inakatwa, jeneza limeshatoka msikitini, naye mpelelezi anakimbia na viatu mkononi. Baada ya hapo ushahidi wote uko chini ya mchanga. Wasomaji wakanisifu kwamba naandika kwa kasi. Si kasi, ni mazishi.

Ilinibidi basi nijue yanayofanyika katika ule mchana. Nikawaendea waosha maiti wa mtaa wetu, ambao kwa wanaume walikuwa wawili. Mzee Bakari alikuwa msemaji. Mnajua kwamba mwosha akiona baya hulificha, na akiona zuri ana ruhusa kulitaja. Mzee Bakari alikuwa akitoka chumbani mikono ingali maji, watu wamemkodolea macho, naye husema, "Uso wang'aa kama taa! Kama aliyelala!" Wafiwa hulia, lakini kilio cha kutua mzigo. Sidhani kama kuna maiti wa Kuze aliyepita mikononi mwake asing'ae. Hata yule jamaa aliyekuwa akiiba viatu msikitini aling'aa.

Wa pili ni Mzee Athmani, mshoni wa kanzu. Yeye alinieleza namna maji yanavyopashwa, upande gani huanzwa, namna ya kumgeuza mtu bila kumwinamisha kama mzigo, pamba, kafuri, yote. Lakini nilipomwuliza, "Umepata kuona nini?" alitia uzi sindanoni akasema, "Nimeona watu." Miaka yote ile sikupata zaidi ya hayo.

Kwa Mzee Bakari na taa zake nikapata kitabu. Ndani yake mwosha mashuhuri kwa kusifu anatoka chumbani, watu wamengoja, naye hasemi neno. Anapita tu. Na mpelelezi wangu, akiwa amesimama mlangoni na viatu mkononi, anajua papo hapo kwamba kuna jambo. Kitabu kile kilisomwa mpaka na paka wa sokoni. Watu walinipigia makofi kwa ile sura ya kimya, na ukinisifu mimi hunichukua muda kukuzuia.

Sasa nawaeleza ya mwaka jana, kwa sababu ndiyo hasa yaliyonifanya nikubali kuwaandikia.

Mzee Bakari alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu. Aliyemwosha ni Mzee Athmani, na kwa hivyo hatukujua kama aling'aa. Mzee Athmani akabaki peke yake. Basi jirani yetu Swaleh, mtu bado na nguvu zake, mwenye duka la vyombo, alirudi nyumbani adhuhuri, akala chakula cha mkewe, akanawa, akasema kifua chambana, akafa. Daktari akaandika moyo. Alizikwa siku ile ile. Mzee Athmani alipotoka kuosha, watu walikuwa wamejaa uani wanamtazama. Akasema, "Mungu amrehemu," akachukua kofia yake akaenda zake.

Ilikuwa hivyo tu. Lakini mtaa uliokuwa umezoea taa ukaona giza.

Bi Rukia ndiye aliyeniletea habari. Alikuwa akienda kila siku kukaa na mjane, Mwanaamina, aliyekuwa eda, hatoki nyuma ya pazia. Siku moja alirudi akavua buibui akaitupa kitini, na yeye si mtu wa kutupa nguo.

"Wamwambia alimlisha mumewe kitu."

"Nani?"

"Mamake Swaleh, na Badi." Badi ni ndugu yake Swaleh, mdogo wake wa pekee. "Wasema mbona mwosha hakusema neno. Eda ikisha yuatakiwa arudi kwao Tudor, na watoto wabaki. Watoto, Baba Zuhura! Wameshahamishwa juu kwa nyanya yao, mama mtu awasikia wakilia juu ya kichwa chake, wala hawezi kutoka kuwafuata."

Nikasema watu watasahau. Ni neno la mzee aliyechoka, msiige.

Baada ya siku chache Badi alinijia mwenyewe, asubuhi, mama wa mahamri ameshapita. Alikuwa amekonda. Mkononi ana kitabu changu, kile cha kimya, kimekunjwa masikio.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Keti."

Hakuketi. "Wewe ndiye unayeyajua mambo haya kuliko mtu yeyote Mombasa nzima."

Zamani neno kama hilo lingenijaza kifua mpaka vifungo viruke. Siku ile nilitamani kulala.

"Hii umeandika wewe," akasema, akafungua pale pale. "Mwosha akinyamaza, kuna jambo. Ni kweli ama si kweli?"

"Badi, ile ni hadithi."

"Hadithi hutoka wapi? Si hutoka kwa watu?"

Hilo nalo ni swali ambalo mwandishi akiulizwa na mwanafunzi hulijibu kwa saa nzima. Badi nilimsogezea kiti tena.

"Nenda kamwulize Mzee Athmani," akasema. "Mimi haniambii. Wewe mwenzake, atakuambia. Na atakalokuambia, ndilo. Akisema hapakuwa na kitu, mimi nitanyamaza. Akisema kulikuwa, yule mwanamke hatawaona wale watoto."

Hapo nikaona nimewekewa mikononi mtu mzima na watoto wake, kwa sababu niliwahi kuandika sura nzuri. Nikavaa kanzu. Ngazi zikanila.

Mzee Athmani alikuwa kwenye cherehani yake, kichochoro cha pili. Alinitazama magoti kabla ya uso.

"Karibu. Umetembea? Basi jambo ni kubwa."

Nikamweleza. Alisikiza, mguu wake umesimama juu ya pedeli.

"Wataka niseme."

"Neno moja tu, shekhe. Kwamba hapakuwa na kitu. Mwanamke atapona."

"Leo nitamsemea Swaleh," akasema. "Kesho akifa mwingine nisiposema, itakuwa nimesema nini juu yake? Bakari, Mungu amghufirie, aliwasifu wote, basi sifa yake haikumuumiza mtu. Mimi siwezi. Mimi nikimsifu huyu nikamnyamazia yule, yule nimemtukana, naye hawezi kunijibu. Ndiyo maana nawanyamazia wote, wema na wabaya, na matajiri na wale wa viatu vya msikitini. Kimya changu hakina maana. Wewe ndiye uliyekitia maana."

"Kimya nilichokiandika kilikuwa cha Bakari!"

"Bakari hakunyamaza hata siku moja katika maisha yake. Kimya umekitoa wapi kama si kwangu?"

Wanangu, nimesomewa mapitio ya vitabu vyangu na maprofesa, hakuna aliyenipata barabara namna ile. Niliketi kwenye gunia la vitambaa. Nikamwambia sawa, sheria yako ni njema kwa maiti, lakini hapa kuna mtu hai. Akarudi kwenye pindo lake. Tukakaa hivyo, mashine ikienda na kusimama, na mimi nikifikiri namna ya kumwendea Badi na mikono mitupu.

Mara akasema, si kwa kunijibu, kama mtu azungumza na uzi wake, "Na yule mwenye kuuliza, alikuwa wapi?"

"Nani?"

"Ndugu yake. Maji humiminwa na jamaa, wajua hivyo, niliwahi kukufundisha. Nilimwita. Nikatoka mpaka mlangoni nikamwita kwa jina. Maji yakapoa nikayapasha tena. Mwisho akaja jirani akashika kata."

Hapa ndipo nawaomba mniazime masikio, kwa sababu hii ndiyo kazi yenyewe. Mpelelezi wangu angeruka. Angesema: aha, ndugu hakutaka kuuona mwili, basi ndugu ndiye! Kitabu kizima kingegeuka hapo, na wasomaji wangenipigia makofi tena. Mimi nilikuwa nimechoka mno kuruka. Na kwa vile nilikuwa nimechoka, niliona kitu cha kawaida kabisa: kijana amekonda, hakuketi, amekunja kitabu masikio kwa kukisoma ukurasa mmoja tena na tena.

Nilimkuta Badi dukani kwa marehemu, amekaa kati ya masufuria yaliyofungwa kamba, mlango nusu. Nikaketi bila kukaribishwa.

"Amesemaje?" akauliza.

"Hakusema. Badi, baba, ulikuwa wapi alipokuita?"

Alichukua mfuniko wa sufuria akaupangusa kwa shati. Akaupangusa tena.

"Nilifika," akasema. "Nilifika mlangoni. Nikauona mguu wake. Kile kidole chake kilichopinda, alichojiangushia jiwe tukicheza, mimi mdogo wake ndiye niliyembeba mgongoni siku ile. Nikauona mguu tu. Sikuweza. Nikatoka, nikenda nikakaa nyuma ya msikiti mpaka jeneza likapita."

"Kumbe."

"Ndugu yangu aliyemwosha ni jirani. Watu hawajui. Mama hajui. Nimejiuliza kila siku alikuwaje. Alikuwa na maumivu? Uso wake ulikuwa vipi? Nilidhani Mzee Athmani atatoka aseme, kama Mzee Bakari, nami nisikie pamoja na watu. Asiseme! Akapita! Sasa mimi nifikiri nini?"

Nikamwambia avae viatu.

Sijawahi kuandika mazungumzo mafupi kama yale yaliyofuata. Mzee Athmani alimwona Badi kichochoroni, akasimamisha mashine. Badi akasema, "Mzee, nilikimbia." Mzee akasema, "Nilijua." Kisha akafikiri kidogo, mkono juu ya kitambaa.

"Mtaa siuambii," akasema. "Lakini wewe nafasi yako ilikuwa pale, umeshika kata. Yale ungeyaona kwa macho yako, ni haki yako. Njoo ndani."

Mimi nikanyanyuka kuwafuata. Mzee Athmani akanitia kiganja kifuani. "Wewe hukuwa umeitwa," akasema, akafunga mlango.

Nikabaki nje na paka. Mwandishi wa hadithi za upelelezi wa umri wangu, sikio langu liko upande wa mlango, na sikusikia kitu ila kikohozi. Mpaka leo sijui kilichosemwa, na msiniulize. Walikaa muda wa kuchemka birika, labda zaidi. Badi alipotoka alikuwa amelia mpaka kola imelowa, lakini mabega yalikuwa yameshuka mahali pake. Akanambia, "Mzee wangu, nisindikize kwa shemeji. Peke yangu sitafika."

Nyumba ya kina Swaleh ina ukumbi, kisha pazia, nyuma ya pazia chumba cha mjane. Bi Rukia alikuwemo mle. Tulipobisha hodi alitokeza kichwa, akatutazama sote wawili, akajua, maana huyo hahitaji kurasa mia mbili. Akarudi ndani. Tukamsikia akinong'ona, kisha sauti ya Mwanaamina mwenyewe.

"Karibuni."

Badi alisimama mbele ya pazia kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza chenji.

"Shemeji," akasema. "Mimi ni Badi. Nimekuja. Nimesema maneno juu yako. Nimeyasema kwa mama, nimeyasema barazani. Si kweli. Nitarudi kuyafuta pale pale nilipoyasema, nyumba kwa nyumba. Nisamehe." Akameza mate. "Na jambo jingine. Siku ile mimi sikumwosha ndugu yangu. Niliitwa nikakimbia."

Pazia halikutikisika.

"Najua, Badi," Mwanaamina akasema. "Chumba cha kuoshea kiko ukuta huu hapa. Nilimsikia Mzee Athmani akikuita jina lako. Akaita, akaita. Nikajua huwezi."

"Ulijua? Siku zote hizi?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema? Mimi nakuita muuaji, nawe ungesema neno moja tu, huyo hata ndugu yake hakumwosha, nani angenisikiza tena? Ningepata wapi uso?"

"Ndiyo maana sikusema," akajibu. Alikuwa analia sasa, lakini sauti hakuipandisha. "Swaleh hakuwa na ndugu mwingine. Nikikuvunja wewe, watoto wangu wabaki na ami gani?"

Badi alikaa chini pale pale, sakafuni. Bi Rukia ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake ya kuwafukuza kuku: "Haya, msikae mkalia kila mtu upande wake wa nguo. Badi, panda juu kawalete watoto kwa mama yao. Na mamako mwambie mwenyewe, usimtume mtu."

Akapanda. Tulisikia hodi, tukasikia bibi kizee akiuliza kwa ukali, kisha mlango ukafungwa, kisha kwa kitambo hatukusikia lolote. Halafu miguu midogo ikaanza kushuka ngazi, haraka, haraka mno, na Badi nyuma akisema, "Polepole, polepole, mtaanguka."

Nilirudi nyumbani nikalala mchana kutwa. Bi Rukia anasema nilikoroma mpaka mabati ya jirani yakalegea. Asubuhi yake, baada ya alfajiri, nikakaa ukumbini na penseli na birika kama kawaida. Nilikuwa nimeanza kitabu kipya, mume na mke wa pale Mkunguni, na kwa mpango wangu mmoja wao alitakiwa afe sura hiyo, akiwa anamimina chai, akimtazama mwenzake mezani. Nilikuwa nimeshachagua na sumu. Nikaandika akimimina. Nikaandika mwenzake akipokea kikombe, akisema ni moto, akipuliza.

Nikangoja. Mama wa mahamri akapita, nikamsikia akiwaita wateja wake mpaka mwisho wa kichochoro. Mume akanywa, mke akajimiminia chake, wakaanza kubishana kuhusu bei ya nazi. Nikaiweka penseli chini nikawaacha wanywe chai yao.